Kibano

Kaka Malogo alisoma wasifu wako kwa dakika nne,
karatasi ikipigwa na upepo wa Agosti:
Mbeleje, alizaliwa Chilonwa, mwaka wa njaa,
ipi katika zile njaa hakuna ajuaye,
akaolewa Kikombo, akazaa tisa, akazika watatu,
ameacha wajukuu thelathini na mmoja.
Tukaitika amina.
Vumbi nalo likatuingia vinywani, likasema lake.

Hakutaja kope.

Hakutaja kwamba kope zako ziliota kwenda ndani,
kila moja sindano,
na kwamba Jumamosi, jua likiwa bado na adabu,
ulikaa mlangoni kwenye kigoda,
ukaielekea mashariki, ukanipa kibano.
"Ng'oa, mwanangu. Usinionee huruma.
Huruma inatetemesha mkono."

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilichovya vidole majivuni, visiteleze,
nikakufungua jicho
kama mtu anayebambua karanga ya mbegu
asitake kuiumiza punje.
Mle ndani nilijiona: kadogo, nimepinda, nimeshika chuma.

Nawe ulisimulia, ili niliye na kibano nisiogope.
Ulisimulia treni.
Ilisimama Kikombo muda wa kumeza mate,
wewe na ungo kichwani, na Malogo tumboni,
unakimbia dirisha hadi dirisha.
Mwanamume mwenye kofia ya pama akapokea vikombe viwili,
akatia mkono mfukoni,
akatafuta,
akahamia mfuko wa pili,
behewa likaanza kwenda.
"Alikuwa anatafuta kweli," ulisema kila mara, "nilimwona usoni.
Huko Tabora, sijui Kigoma,
kuna mtu ana shilingi yangu na halali usingizi."

Miaka hamsini ulimhurumia mdeni wako.
Sisi wa nyumbani, aliyekutwa kitandani jua limetoka
alimwagiwa maji yaliyooshea uwele.

Macho yangu nayo yakafika umri.
Nikawa naona kope moja mbili, mbili nne.
Nikamkabidhi Nyemo kibano, naye ana miaka kumi,
ukamwambia yale yale ya huruma na mkono,
kisha ukanisengenya nami nimesimama papo hapo:
"Mama yako alikuwa ananing'oa kama anapalilia."
Mkacheka mpaka kazi ikasimama,
bibi na mjukuu, jicho moja limefunguliwa, jingine linatoka machozi,
na mimi na sufuria yangu ya mlenda
nikanuna, nikafurahi.

Makaburini mwenyekiti wa kitongoji alisimama.
"Anayemdai marehemu ajitokeze.
Na anayedaiwa naye, asiondoke na mzigo."
Watu wakatazama viatu vyao.
Mzee mmoja akakohoa, tukamgeukia wote, kumbe ni vumbi.
Nyemo peke yake alitazama upande wa reli.

Jembe amechukua Malogo.
Mbuzi wawili wameliwa matangani, wa tatu ana mimba, tunamgombania.
Blanketi la Mvumi, ulilopewa hospitali
siku ulipokataa kisu na kurudi kwa miguu,
amelala nalo Nyemo, na sitamnyang'anya.

Ila kuna hili ambalo sijamwambia mtu.
Usiku ule tulipokuosha,
mama mdogo Sechelela ameshika taa,
niliiona kope moja, fupi, nyeusi,
imeota tangu Jumamosi.
Nikanyoosha mkono juu ya kabati, nikakishusha kibano.
"Ya nini sasa?" akaniuliza taratibu. "Haimchomi tena."
Nilijua.
Nikachovya vidole majivuni.
Nikakufungua jicho, na mle ndani sikujiona.

Niliing'oa, mama.
Mkono ulitetemeka.